Simile

Barua yangu ya kusamehe ilirudi
na muhuri wa zambarau mgongoni.
Niliiandika kwa mkono wangu, usiku,
baada ya Athman Famau kuja na dada zake wawili
na sinia la halwa na maalim wa Langoni.
Tulisoma Fatiha, tukanywa kahawa,
nikasema, basi, yamekwisha.

Hayajaisha, ilisema barua ya Baraza.
Mlalamikaji aweza kutoa msamaha.
Hawezi kuondoa shauri.

Niliisoma mara tatu, kofia mapajani,
sindano nimeibana kwa midomo.
Kumbe kidonda ni cha mwanangu
na shauri ni la watu nisiowajua:
la mama wa Faza ambaye bado hajajifungua,
la mzee wa Kizingitini atakayekuja mwakani na kikohozi chake,
aione leseni ukutani, ndani ya kioo,
aiamini.

Wakaja watatu, ndege mpaka Manda,
wakashuka gatini na majaketi ya kuokolea bado vifuani.
Tuliketi ukumbi wa hospitali, feni ikikwaruza.
Nilingoja wamtukane. Hawakumtukana.
Nilingoja waulize kama husali,
kama kweli aliwahi kufungua duka saa nane za usiku
kwa ajili ya pumu ya mamangu
(alifungua; nilisema mwenyewe, bila kuulizwa).
Mwenyekiti, mama mfupi mwenye miwani ya kamba,
aliliandika hilo. Kisha:

Tarehe sita ulikuwa wapi?
Mombasa, harusini.
Leseni yako ilikuwa wapi?
Ukutani.
Na nyuma ya kaunta alisimama nani?

Alinyamaza. Daftari lilijibu:
Mselem, binamu yake, wino wa kijani,
sindano saba, siku saba,
na pale pa kuandika uzito wa mtoto
peupe.
Kilo tisa. Wangeniuliza ningewaambia.

Wakili wake, kijana fasaha, alisema hapakuwa na nia mbaya.
Mama wa miwani akafunika kalamu.
“Hapa hatupimi dhambi, wakili. Hiyo ina mizani yake.
Sisi twauliza kama mlango huu ufunguliwe tena,
na lini, na mbele ya macho ya nani.”

Miezi kumi na minane leseni ibaki kwa Baraza.
Akirudi, mwaka mzima afanye kazi chini ya mwenziwe.
Siku thelathini za kukata rufaa.
Hakukata. Aliiteremsha fremu mwenyewe,
akauacha msumari.

Sikufurahi. Nilikuwa nimeingoja furaha
kama mtu angojavyo chenji dukani,
mkono wazi, mwenye duka keshageuka.
Dawa ya presha sasa twaifuata Mokowe,
na kila nauli majirani wanihesabia mimi, kwa macho.

Vichochoro vyetu havitoshi mtu na punda.
Ndiyo maana mwenye punda hupaza: Simile!
na mwenye masikio akajibana ukutani.
Shekuwe wangu hasikii tena simile.
Naenda nyuma yake, mkono begani,
miaka sita sasa anayo, na bega limeanza kunikataa.
Usiku hufikiri: ile barua ya muhuri wa zambarau
huenda nayo ilikuwa simile,
imepazwa kwa watu ambao hawajafika konani.
Usiku mwingine hufikiri ni karatasi tu.

Jana alinichomoka.
Punda wa mchanga wakatokeza kona ya Gadeni, watatu, mbio,
na Athman alikuwa kwenye baraza ya duka lililofungwa.
Hakupiga kelele. Yeye anajua, kuliko mtu yeyote mjini,
kwamba kelele haifai.
Aliinuka akaweka mwili wake katikati.
Gunia likamparua kanzu mpaka kiunoni.
Shekuwe hakujua kitu, aliburura kijiti chake ukutani,
akapita.

Nilitaka kusema ahsante.
Nikasema, “Masalkheri.”
Ilikuwa saa tatu asubuhi.